Merikebu Tuliyoigawana Kama Shamba

Ipo siku moja ambayo siisahau, mwanangu: siku baba yangu aliporudi Butembo kutoka Beni, akafungua mlango wa karakana yake na kusimama pale mlangoni bila kuvua kofia. Juu ya meza ya kazi palikuwa na merikebu ndogo ya mbao, na mlingoti wake ulikuwa umepinda. Tulioupinda tulikuwa sisi wawili, mimi na dada yangu Masika. Ndiye huyo uliyemzoea kama bibi yako wa pili, na ambaye mjukuu wake siku hizi humsalimii hata kanisani.

Nasikia umemwita mtu wa kupima, aje na mashine yake kule shambani Masereka. Sawa. Mtu wa kupima naye ana watoto wa kulisha. Lakini kabla hajapanda mlima ule, keti hapa karibu na cherehani yangu unisikilize. Sitakugombeza. Nimeshazeeka, na ugomvi unataka pumzi.

Baba yangu alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda na mabenchi ya kanisa, vitu vya kukaa mahali pamoja. Ndipo akaja mwalimu mmoja aliyekuwa ametumwa kufundisha hapa kwetu, mtu wa Moanda, kule mbali ambako nchi yetu inagusa bahari. Alikuwa na binti mdogo aliyezaliwa hapa Butembo, na mtoto yule alikuwa hajaona kitu kingine ila milima na ukungu. Mwalimu aliweka picha juu ya meza ya baba.

"Papa, nataka bato moja ya tanga, ndogo tu," alisema, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni. "Mutoto wangu ananiuliza kwetu iko namna gani. Mi nashindwa kumuelezea."

"Bahari mi hapana ona hata siku moja, Mwalimu," baba akamjibu. "Lakini picha ninaona. Acha tujaribu."

Hivi ndivyo merikebu ilivyofika milimani. Baba alichonga tumbo lake kwa libuyu, mbao nyekundu ya msitu wa upande wa Beni, na mlingoti akautoa kwenye tawi la sipre lililonyooka. Matanga niliyashona mimi kwa kitambaa kilichobaki tuliposhona kanzu za wanakwaya. Zikabaki kamba. Vidole vya baba vilikuwa vinene, vimezoea msumeno, kwa hiyo kazi ya kamba alitupa sisi wasichana wake. Masika alikuwa msusi wa vikapu na mimi mshonaji, na mafundo tulikuwa tumefundishwa na mama mmoja.

Sasa nikwambie hali yetu ilikuwaje. Mimi na Masika tulikuwa hatusemezani. Mama yetu alikuwa amefariki, akatuachia shamba lake la Masereka, lile alilolipata kwa jasho lake mwenyewe. Kabla ya kufa alikuwa ametuonyesha mpaka: alikokota jembe kutoka upande huu hadi upande ule, akasema juu ni kwa Masika, chini ni kwa Kavira, ndiye mimi. Mvua ikaja ikaufuta mstari wa jembe. Lilibaki jiwe kubwa pale katikati. Masika akasema mpaka ulipita chini ya jiwe. Mimi nikasema ulipita juu yake. Kati ya maneno hayo mawili palikuwa na kipande cha mistari michache ya pwaro, vitunguu vyetu vya majani marefu, na kwa ajili ya kipande hicho niliacha kumwita dada yangu Yaya, jina la heshima la dada mkubwa.

Usinicheke. Wewe nawe unagombania kipande hicho hicho.

Baba alijua. Alituonyesha kwenye picha zile kamba zinazoshuka kutoka kichwa cha mlingoti hadi ukingoni, kulia na kushoto, zinazoushika usianguke. Alitupatia uzi wa kushonea viatu, nta ya nyuki ya kuupaka na vifungo vya shati vya kupitishia kamba kwenye ukingo. Akatuambia kwamba Mwalimu amepata uhamisho na ataondoka mwisho wa juma. Halafu akapanda gari kwenda Beni, kupachika milango ya kanisa dogo kule Mulekera.

Basi tukaigawana kazi namna tunavyogawana shamba. Unajua desturi yetu: wanawake wawili wakipewa kilima kimoja, wanakokota jembe katikati, kila mmoja anachukua upande wake, na anayemaliza kwanza anakaa chini anakula kiazi. Kwenye shamba hakuna ubaya. Upande wako ukipaliliwa vizuri, wangu hauharibiki kwa hilo. Masika akachukua upande wa kulia wa merikebu, mimi kushoto. Hatukupangana kwa mdomo. Yeye alikuja asubuhi kabla ya soko, mimi nikaja mchana alipokuwa ameondoka. Tuliona tumepata akili sana.

Siku ya kwanza nilikuta upande wake wote umekwisha, kamba zimekazwa barabara namna mama alivyotufundisha kukaza mzigo. Lakini mlingoti ulikuwa umelala upande wake. Nikasema moyoni, huyo ndiye Masika, hata mti anauvutia kwake. Nikafunga kamba zangu zote, nikavuta kwa nguvu mpaka mlingoti ukarudi, ukapita kidogo ukaja upande wangu. Sikuona vibaya. Kesho yake nikakuta amezikaza zake upya na kuongeza kamba nyingine ambayo kwenye picha haimo. Nami nikaongeza yangu. Mlingoti haukujua tena ulale wapi. Chini ulikwenda kwangu, juu ulikwenda kwake, na penye mguu wake ukafanya ufa. Ufa ule niliuona. Nikaupaka nta.

Ndipo baba akarudi.

Alipovua kofia aliinama, akaitazama merikebu kwa mbele, akaitazama kwa nyuma. Akakwaruza nta kwa ukucha, akauona ufa. Kisha akatuma watu watuite, mimi na Masika. Tukasimama mbele yake kila mtu akitazama ukuta wake.

"Ni nani alifunga huku?" aliuliza.

"Ni mimi," Masika akasema.

"Na huku?"

"Ni mimi, Papa," nikasema. "Lakini yeye njo alianza kuvuta."

Nilichukua kisu mezani, nikamwambia nitazikata kamba mbovu, zile za upande wa kulia, na kazi itakwisha kabla ya Mwalimu kufika. Akaninyang'anya kisu, polepole, kama mtu anayempokonya mtoto mchanga kitu.

"Hapana kata," alisema. "Ukikata, uzi unabakia mufupi, hautafika tena. Mutafungua. Yote, mpaka fundo ya kwanza. Masika, weye fungua ya Kavira. Kavira, fungua ya Yaya yako. Mti nitatengeneza ingine mi mwenyewe."

"Papa, Mwalimu anaenda kesho," Masika akasema.

"Njo muanze sasa," akasema. Halafu, akiwa ameshashika msumeno, aliongeza neno ambalo sijalisahau. "Hii si shamba. Mulikata bato katikati sawa shamba, kila mutu na upande yake. Bato haina upande ya mutu. Mukivuta kila mutu kwake, mti ndio unavunjika, na bote mutalala mu mayi, chini ya maji."

Alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi nimerithi kwa mama.

Basi tukaketi, meza ikiwa kati yetu. Nilichukua sindano kubwa ya cherehani nikaanza kuchokoa mafundo ya Masika. Fundo lililopakwa nta halifunguki kwa hasira, mwanangu. Ukilivuta linajikaza. Inabidi ulitazame, uone uzi uliingia wapi na ulitokea wapi, ulifuate kinyumenyume kama ulivyofungwa. Na nilipofuata hivyo, niliona jambo lililonishinda. Lilikuwa fundo langu. Mzunguko ule ule, na ule mkunjo mdogo wa mwisho ambao mama alikuwa akiufanya kwenye mizigo ya pwaro ili kamba isimkate bega. Watu wengine wa Masereka hawaufanyi. Nikamtazama Masika akichokoa mafundo yangu, nikaona naye amesimamisha sindano. Nililia kidogo. Yeye hakulia, lakini alipenga kamasi, na kwa Masika hiyo ni sawasawa.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwa maji. Fundo si maji. Fundo lina njia liliyoingilia, na kwa njia hiyo hiyo hutoka, mradi mtu asilete kisu.

Baba alipachika mlingoti mpya, akaning'iniza timazi mbele yake, ule uzi wenye chuma mwishoni unaoonyesha mstari ulionyooka. Akatuonyesha namna. Kamba moja kulia, moja kushoto. Mbili zinafungwa kwa wakati mmoja, na hakuna anayekaza mpaka mwenzake ameshika. Basi hapo hata mtu mkaidi atafanyaje? Huwezi kuifanya kazi ile ukiwa bubu. Nilishika kamba yangu nikasubiri. Nikaona timazi, nikaona mlingoti unaanza kwenda kwake.

"Yaya," nikasema. "Legeza kidogo."

Akalegeza. Kisha akasema, "Vuta sasa. Hapo. Hapo, Kavira, usipitishe."

Ndivyo tulivyomaliza. Vuta, legeza, ngoja, shika. Hakuna aliyeomba msamaha, na sikumbuki kama tulizungumza lingine. Mwalimu alipokuja na binti yake, merikebu ilikuwa imesimama sawa juu ya meza, matanga yamefunguka. Mtoto aliizunguka akaigusa kamba kwa kidole, akamwuliza baba yake kwa nini mlingoti hauanguki. Mwalimu akamwambia, "Kwa sababu iko inakamatwa pande zote, mama." Akaibeba ndani ya kikapu ambacho Masika alikuwa amekisuka, na hatukuiona tena.

Wazee wetu walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu haukai, usiujengee nyumba. Lakini mimi naongeza langu. Ugomvi wa ndugu haukai ukipata mtu wa kuufungua. Ukipata mtu wa kuukata, unakaa.

Msimu uliofuata tulipanda mlima wa Masereka pamoja, siku moja, mimi na Masika, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu kifo cha mama. Tulifika penye jiwe. Tukasimama. Mimi nikafungua mdomo niseme juu, yeye akafungua wake aseme chini, na wote wawili tukafunga. Halafu Masika akapanda mstari mmoja wa pwaro kutoka jiwe kwenda kulia. Akanitazama, akasema, "Leta wako." Nikapanda wangu kando ya wake. Naye tena, nami tena, mpaka kipande chote kikaisha, mstari wake, mstari wangu.

Toka siku ile tulikilima hivyo. Tulilazimika kufika siku moja, kwa sababu mmoja akija peke yake hajui aanzie wapi. Tulizeeka tukipanda mlima ule pamoja, yeye akilalamikia magoti, mimi nikilalamikia yeye. Hata miaka ile njia zilipokuwa mbaya, tulitafuta msimu wa kukutana pale. Wewe umeona jiwe halina miti ya mpaka, ukasema wazee walisahau kupima. Hatukusahau, mwanangu.

Na ujue jambo moja, ili usidhani nimelainika: mpaka ulipita juu ya jiwe. Nililiona jembe la mama kwa macho yangu. Masika amekufa akiamini lake, nami nitakufa nikiamini langu, na pwaro tumekula wote. Kuwa na haki ni kitu kizuri. Mimi nimekuwa nayo maisha yangu yote, na haikunipikia hata sufuria moja.

Mwezi uliopita nilimtuma mtu anipandie mistari yangu, kwa kuwa miguu yangu haipandi tena. Amenieleza kwamba kati ya mstari na mstari pako wazi. Udongo mtupu. Ile ni mistari ya Masika.

Kwa hiyo nasaha yangu ni fupi, nawe uichukue kama nilivyoipokea. Kitu mlichoachiwa wawili, usikigawe kabla hujakitazama kama kinagawanyika. Ukiona kimepinda, usiongeze kamba, wala usipake nta penye ufa. Rudi nyuma polepole mpaka fundo la kwanza, na uanze na fundo la mwenzako kabla ya lako. Usikaze upande wako mpaka usikie mkono wake upande wa pili. Mtu wa kupima mwambie angojee. Ardhi haikimbii.

Nenda kwa mjukuu wa Masika leo, kabla chai yake ya jioni haijapoa. Usianze na habari ya jiwe. Mwambie mistari ya bibi yake haijapandwa, nawe hujui uanzie wapi bila yeye.

Mungu wetu Nyamuhanga aulinde mlango wako na mlango wake. Mvua ya Masereka iwanyeshee siku moja, mkiwa wote shambani. Na mikono yenu, mwanangu, isikose kamwe mkono wa kushika upande wa pili.