Nta ya Gari la Baba

Harusi ya dada ilipangwa katikati ya mvua, na mvua za Kyela kila mtu anazijua. Wakwe zake wakatuma ujumbe mzuri tu: wataleta gari jeupe, jipya, limchukue bibi harusi kwetu Ikolo hadi kanisani Makwale. Baba akasema ndaga, asante ya kwetu, kisha akala bila kuinua macho mpaka sahani ikaisha. Mimi nilijua kwa nini. Tangu dada akiwa mdogo baba alikuwa akisema siku hiyo atamwendesha mwenyewe, kwa gari lake dogo la bluu, ambalo kwa umri linanizidi mimi.

Dada si mtu wa kuzungukazunguka.

“Baba, nitapanda lako,” alisema. “Lakini gari lako likipita kwenye tope linabeba barabara nzima. Nikishuka gauni likagusa mlango, kwisha habari. Likifika chafu nahamia la kwao.”

“Litafika safi,” baba akasema. Akatoka nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Wiki ya harusi alirudi kutoka Kasumulu na kopo dogo la nta ya gari. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, akanipa nisome. Kwa Kiingereza baba ananiamini kuliko ninavyojiamini. Nikamtafsiria polepole: lioshwe kwanza likauke, lipakwe kivulini, nta iwe nyembamba, isubiriwe ikauke, ifutwe kwa kitambaa laini. Mwishoni palisema nta inabaki juu ya rangi kama ngozi, uchafu haushiki.

“Hapo pa uchafu rudia,” baba akasema.

Nikarudia. Kazi nikaiomba mimi. Naandika ukweli: sikuiomba kwa upendo. Nyumba ilijaa wageni, kila mlango una mtu wa kumwamkia na kumweleza uko kidato cha ngapi, na mimi mbele ya watu sauti inakwama. Gari lilikuwa nyuma, kwenye banda la kuanikia kakao. Huko hakuna anayekuuliza kitu.

Nilianza kwa maji matupu, ndoo baada ya ndoo, mpaka mchanga wote ukashuka, kwa sababu ukisugua na mchanga unaikwaruza rangi. Halafu povu, kuanzia juu kwenda chini. Kumbe bluu yake si ile niliyoizoea. Kulikuwa na bluu nyingine ndani, iliyokoza, kama sare mpya ya shule.

Doa la boneti tu ndilo lililogoma. Lina umbo la kiatu. Msimu mmoja mtu aliweka pale gunia la kakao mbichi, maji yake makali yakachuruzika na kuila rangi. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwa akibeba magunia siku ile, ila ukimuuliza anasema alikuwa kanisani. Siku ya kazi.

Nilikuwa nimemaliza kupaka upande mmoja, nta imekauka na kuwa ukungu mweupe, nikaanza kuifuta. Hapo shangazi akatokea na kikombe cha chai.

“Unalipaka mafuta kama mtoto mchanga! Tope la Makwale litalamba hayo yote, utaona.”

Nikacheka kidogo, nikaendelea kufuta. Kitambaa kikaniponyoka kikaanguka chini. Yeye, kwa kunisaidia, akakiokota, akakikung'uta mara moja kwenye paja na kuunyoosha mkono kwenye mlango. Niliona punje za mchanga zimeng'ang'ania.

“Shangazi, acha!”

Ilitoka kubwa. Mpaka jikoni wakanyamaza. Shangazi alinitazama kana kwamba mbuzi ndiye aliyesema.

“Kumbe una sauti,” akasema. “Na tulikuwa tunakuombea.”

Masikio yaliniwaka moto. Lakini kitambaa alikirudisha, nami nikaleta kingine. Jioni baba alipitisha kiganja juu ya paa, kikateleza. Alizunguka gari lote, akaingia ndani, akatoka tena, akalizunguka.

Siku yenyewe mvua iliwahi kuliko wapambe. Tulitoka baba akiendesha, dada na shela lake nyuma, mimi mbele na ndoo ya maji yenye mfuniko katikati ya miguu. Gari jeupe la wakwe lilitufuata kama tairi la akiba. Kila dimbwi tope lilirukia madirishani. Dada alikuwa amelikunja gauni lote mapajani, akiliangalia gari jeupe kwa kioo cha nyuma. Baba naye aliona anaangalia.

Tulisimama kabla ya ngazi za kanisa. Watu wamejaa, kwaya imejipanga, simu zote juu. Mlango wa dada ulikuwa mweusi kwa tope.

“Mama,” baba aliniambia, ndivyo anavyoniita, “shuka.”

Nilishuka. Watu wote wale, na mimi na ndoo. Nilitazama mlango tu. Nikamwaga maji taratibu kutoka juu ya dirisha, bila kusugua, na tope likaanza kushuka lenyewe, kipande kizima kizima, kama ganda la ndizi mbivu. Bluu ikatokea. Nikamwaga yaliyobaki chini, pale gauni litakapopita, nikafuta kwa kitambaa kikavu.

Dada alishusha kioo, akachungulia mlango wake kwa nje. Akapitisha kidole, akakiangalia. Kikavu, kisafi.

“Baba,” akasema, “nifungulie.”

Baba alifungua kwa ncha za vidole. Alinipokonya kitambaa, akapangusa viganja vyake kwanza, ndipo akampa mkono. Walipanda ngazi, gauni likiwa jeupe mpaka chini.

Nikabaki na ndoo. Manyunyu yalikuwa yakidondoka kwenye boneti, kila tone limekaa duara peke yake na kuteleza, isipokuwa kwenye lile doa, ambapo maji yalilala bapa. Shangazi alipita akiliangalia, akasimama.

“Na hilo,” aliniambia kwa sauti ya chini, “nilikuwa kanisani.”