Peni Iliyopindwa kwa Ajili ya Mama Furaha

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue pete, ninawe mikono, kisha nikae. Nilikuwa mbeba mizigo pale soko la Warwick, Durban, shule niliiacha darasa la nne kule Uvira, Kongo, na sasa Patro, mzungu mzee mwenye duka la sarafu za kale, ameniweka mbele ya kitambaa cheusi. Alizaliwa Nakuru, Kiswahili alikijua.

"Shika ukingo tu," akasema. "Ukigusa uso, ni kama umemkoholea mfalme."

Vijana, sikilizeni. Sarafu ya nyundo haikutoka kwenye mashine. Waingereza wa kale waliweka kipande cha fedha kati ya mihuri miwili ya chuma, wakagonga, ikatoka peni, sarafu yao ndogo. Ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana: huyu mfalme ana pua, yule pua imebaki kwenye nyundo. Weusi wake usiusugue kamwe; huo ndio umri wake, na mnunuzi anaupenda. Bandia iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu kama ganda la chungwa. Mimi naitambua kabla hujaiweka mezani. Durban nzima sijaona wa kunishinda, na nasema bila aibu.

Halafu mke wangu, Mama Furaha, akajifungua mtoto wa pili, damu ikakataa kukatika. Mtoto salama, mama yake akalala hospitali hajitambui. Nilipokwenda dukani nikashika peni katikati kabisa, kwa dole gumba. Nikangoja matusi.

"Bibi yako ako aje?" Patro akauliza.

"Daktari anasema tuombe."

Akafunga duka mchana kweupe. Akachukua peni nzuri kuliko zote, ile aliyowanyima matajiri, tukaenda.

Kando ya kitanda akanieleza: zamani kwao mtu akiugua sana, walipinda peni juu yake, wakamwahidi mtakatifu kwamba akipona, peni hiyo italetwa kanisani.

"Chagua mtakatifu," akasema. "Mimi sina urafiki na hata mmoja."

"Bikira Maria."

Fedha ya zamani ni nyembamba, inapasuka upesi. Alipoibana kwa vidole nilifumba macho kama napindwa mimi. Ikapinda, haikukatika.

Siku kadhaa baadaye mama watoto akafumbua macho, akaomba chai. Nililia pale pale, mwanaume mzima.

Jumapili moja Patro akavaa tai, akaja kanisani kwetu Glenwood. Mama wa sadaka akaigeuzageuza ile peni.

"Eish, baba! Hii hata kwa taxi hawapokei. Imepinda!"

"Iache hivyo hivyo, mama."

Watu wakacheka. Patro akakisindikiza kikapu kwa macho mpaka altareni, kisha akageuka, akamrekebishia mtoto wetu kofia.

Sasa Patro tumemzika, macho yangu yamechoka, nimestaafu mapema. Vijana niliowaachia duka, ambao huniita Tonton, yaani mjomba, hunipigia simu: "Tonton, ile adimu kuliko zote ilikuwa gani? Iko wapi?" Nawaambia ni ile, na sijui iliko; labda padri aliitupa. Wanaguna, eti hasara gani hiyo. Hapo nasogeza simu mbali kidogo na sikio, niwaache wasikie sauti inayotoka jikoni:

"We mzee! Utakula simu leo? Bugali inapoa!"