Ndizi za Barafu za Mama Domitille

Hata leo Mama Domitille wa Kapata akisimulia habari hii huweka mkono kifuani kwanza, akavuta pumzi, ndipo akaanza. Hajamaliza kushtuka. Na tumsamehe, maana aliyempeleka mumewe karibu na kaburi hakuwa adui wala mchawi wala jirani mwenye kijicho. Alikuwa yeye mwenyewe, kwa bakuli na kijiko, huku akiimba nyimbo za kanisani.

Nyumba yao ni ile ya mwisho katika mstari wa nyumba za kampuni, yenye bustani ya mboga upande wa jikoni. Mumewe, Tata Godefroid (tata kwetu ni baba), alikuwa karani wa ghala kule mgodini mpaka alipostaafu. Ni mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Domitille anatoka kwa watu wa kaskazini, na kwa mama zake alifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: sahani ya mwanaume hujazwa. Haijazwi kiasi, inajazwa hadi kilima cha bukari, ugali wetu, kionekane kutoka mlangoni. Mwanamke akimpelekea mumewe chakula kidogo, ama hampendi, ama jikoni hamna kitu, na yote mawili ni aibu. Domitille hakuwahi kupata aibu hiyo. Sahani zake zilijulikana mtaa mzima, na wageni waliotoka kwake waliondoka wamefungua kifungo cha suruali.

Kisha daktari akamwambia Godefroid kwamba ana ugonjwa wa sukari.

Mzee huyu alikuwa na raha mbili duniani: chai ya asubuhi yenye vijiko vya sukari ambavyo ni bora tusivihesabu, na chupa ya Fanta baada ya misa ya Jumapili. Vyote vikapigwa marufuku. Alimeza vidonge vyake, akatembea asubuhi kama alivyoambiwa, wala hakulalamika. Lakini alikaa barazani na kikombe chake cha chai kavu akitazama barabara, na Domitille akimwona hivyo moyo ulimuuma. Ni nani asiyeumia kuona mtu wake ananyang'anywa vitamu vyake uzeeni?

Hapo ndipo binti yao, Mignonne, anayefanya kazi Lubumbashi, alipokuja likizo na katoni mkononi. Ndani ya katoni kulikuwa na mashine ya jikoni, ndogo, yenye shingo ndefu juu na mdomo mbele. Mignonne akachukua ndizi alizokuwa amezimenya, kuzikata na kuzigandisha kwenye frigo, akazitumbukiza shingoni na kuzisukuma kwa mchi wa plastiki. Mashine ikanguruma kwa sauti ya kukera. Mbele ukatoka uji mzito, mweupe, laini, baridi, ukajikunja kwenye bakuli sawasawa na ile glasi, yaani aiskrimu, inayouzwa mjini.

Domitille alibaki mdomo wazi. Aliinama akachungulia chini ya meza, kana kwamba kuna mtu amejificha huko na ndoo ya maziwa.

"Mama, hapa hamuna sukari, hamuna maziwa," Mignonne alisema. "Ni matunda tu. Hata tata anaweza kula. Lakini mumupe kidogo, kama kikombe ya kahawa. Munasikia, mama?"

"Ninasikia, mwana."

Alisikia, ndiyo. Lakini kusikia ni kazi ya masikio, na kugawa chakula ni kazi ya mkono, na mkono wa Domitille ulikwisha fundishwa zamani. Alichokihifadhi moyoni ni yale maneno mawili tu: hamna sukari.

Mignonne aliporudi kazini, mama yake akaingia kazini kwake, jikoni. Alinunua ndizi zinazoletwa kutoka Lubudi, akachagua zile zilizoiva hadi ganda likapata madoa meusi, maana ndizo tamu, na wauzaji huziachia kwa bei ya kuzitupa. Aliongeza maembe msimu wake ulipofika, na nanasi alipolipata. Alimenya, akakata, akapanga vipande kwenye sinia visigusane, akasubiri vigande kama mawe. Na umeme wa Kapata tunaujua. Ukija, unakuja bila kuaga, na ukienda, unaenda vivyo hivyo. Matunda yaliyoyeyuka hubadilika rangi na kuwa maji machafu. Kwa hiyo umeme ulipokuwepo Domitille alisaga yote yaliyoganda, kwa haraka, na kilichosagwa lazima kiliwe pale pale.

Kiliwe na nani? Na mwenye ugonjwa, bila shaka. Angewezaje kumpelekea baba wa nyumba kikombe cha kahawa, kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo? Alichukua bakuli la bukari, lile kubwa la bati, akalijaza mpaka kilima kikasimama, akampelekea barazani. Yeye mwenyewe alilamba kijiko cha kukwangulia, basi. Godefroid alilitazama bakuli, akamtazama mkewe, akashika kijiko na kuanza kula. Alikula taratibu hadi chini, akarudisha bakuli jeupe, halina kitu ndani.

"Iko muzuri?" Domitille aliuliza.

"Iko muzuri, Mama Mignonne. Aksanti."

Furaha ya mwanamke huyu ingeweza kuwasha taa za mtaa mzima. Aliwaita majirani waione mashine. Mama Mbombo, wa nyumba ya pili, ambaye huwa hasadiki jambo mpaka aliguse, aliingiza kidole kwenye mdomo wa mashine akakilamba, akasema kwamba kweli dunia imeendelea. Domitille akawatangazia wote kwamba mume wake sasa anakula tamu bila sukari hata punje, na ugonjwa utajua wenyewe pa kwenda.

Sasa wewe msomaji umeshaona shimo liko wapi. Yeye hakuliona. Godefroid alianza kunywa maji mengi. Domitille alisema ni joto. Alianza kwenda chooni kila mara. Mkewe alisema ni hayo maji. Akakonda, shingo ikaanza kuogelea kwenye kola ya shati. Na hapo mkewe, Mungu amsamehe, aliongeza kilima cha bakuli ili apate mwili. Siku ya kipimo cha sukari ilipofika mzee alisema anajisikia vizuri tu, ataenda siku nyingine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Godefroid alikuwa bingwa wa kuficha.

Jumapili moja walikuwa wanarudi kutoka misa. Godefroid alikuwa anatembea mbele kidogo, kofia mkononi, na Domitille alikuwa anamsimulia habari za mahubiri ambayo mumewe naye ameyasikia. Ghafla mzee alisimama. Akashika ukuta wa nyumba ya watu, akasema neno lisiloeleweka, akaketi chini kwenye vumbi na suti yake ya kanisani. Domitille alimwita kwa jina lake, Godefroid, jambo ambalo hakulifanya tangu Mignonne azaliwe. Hakujibu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

Omer, mwenye teksi, alimbeba nyuma ya gari lake hadi kituo cha afya. Muuguzi aliyekuwepo aliitwa Elise, mwanamke mdogo mwenye maneno makavu. Alimchoma mzee kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine chake, akasubiri. Kisha akafuta, akapima tena. Domitille alimtazama uso, na alichokiona usoni mle kilimkata maini.

"Sukari imepanda vibaya sana," Elise alisema huku akitafuta mshipa wa kuweka dripu. "Mama, tata alikula nini?"

"Bukari kidogo. Majani ya sombe. Na matunda."

"Matunda gani?"

"Ndizi, ya barafu. Minaisaga na mashini. Lakini hamuna sukari mule, mama. Hata kidogo."

"Anakula ngapi?"

Domitille alionyesha kwa mikono miwili. Muuguzi aliitazama ile nafasi iliyobaki katikati ya mikono, akaacha kidogo kufanya alichokuwa anafanya.

"Ile yote? Yeye peke yake?"

"Siku courant ya umeme iko. Minamujazia."

"Mama," Elise alisema, na sasa sauti yake ilishuka, "ndizi iko na sukari yake. Yenye kuiva sana njo iko nayo mingi. Embe vilevile. Kidogo haina mubaya, tungefurahi. Lakini bakuli muzima? Sukari haiombaka ruhusa, itoke mu mufuko ao itoke ku muti, ikifika mu damu iko sukari tu."

Domitille akarudi jikoni kwake kwa mawazo. Aliziangalia zile ndizi zote moja baada ya nyingine, zile zenye madoa meusi alizozichagua kwa mkono wake kwa sababu ndizo tamu. Alikumbuka alivyoongeza kilima. Akakaa kwenye benchi bila kulitafuta, na bahati benchi lilikuwepo.

"Atapona?" aliuliza.

"Tunafanya kazi, mama. Weye omba Mungu."

Aliomba. Lakini hata sala haikutoka sawasawa. Kila alipofumba macho alijiona anasukuma ndizi kwenye ile shingo ya mashine, anaimba. Mume wake akifa, ni yeye amemuua, na hakuna hakimu wa kumfunga. Watu wangekuja msibani kumpa pole, na yeye angezipokea pole hizo. Wazo hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Mungu alisikia, dawa nazo zilisikia. Siku ya pili yake, jua likiwa limeshapanda, Godefroid alifungua macho, akaomba maji, akauliza kofia yake iko wapi. Domitille alianza kulia hata kabla hajaipata ile kofia.

"Unisamehe, Tata Mignonne. Mi njo nilikuuwa."

"Sikufa."

"Ile mashini nitaitupa. Nilijua unaipenda ile barafu, kumbe ni sumu njo nilikuwa nakupa."

Mzee alitazama dari, akatazama dripu, akaona hakuna pa kukimbilia.

"Mi sikupendaka ile kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Ile barafu. Inaniumizaka meno. Na nilijua. Kiu ile, na macho kuona giza, daktari alinielezaka zamani. Nilijua ni ile njo inaleta."

Domitille alimtazama. Alifikiri labda ni homa inayosema.

"Ulijua? Na ukamaliza bakuli? Kila mara?"

"Ningefanya nini? Nirudishe sahani?"

"Juu ya nini usirudishe?"

"Unasahau Lubudi," Godefroid alisema.

Alikuwa amesahau kabisa. Mumewe akamkumbusha. Walikuwa wapya katika ndoa, wanakaa Lubudi karibu na reli, na jioni moja alimrudishia mkewe nusu ya bukari. Domitille aliitazama ile nusu akaanza kulia, akasema sahani inayorudi na chakula inasema mume amekula kwa mwanamke mwingine. Kesho yake akafunga nguo zake akarudi kwa mama yake, na ilibidi wazee wa familia wakae ndipo arudi.

"Na mi nilikuwa nimekula mahindi ya kuchoma kwa Gaston, ku gare ya treni," alisema mzee. "Mahindi tu. Tangu ile siku nilijiambia, sahani ya Domitille sitairudishaka na kitu ndani."

"Ungekufa, tata."

"Nilifikiri ile. Kisha nikaona afazali nimalize."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza njia aliyopita kwenda sokoni. Maisha yao yote pamoja mtu huyu alikuwa anamaliza. Zile sahani zote, vile vilima vyote alivyojivunia mtaani! Ni mara ngapi alikuwa ameshiba? Ni mara ngapi alikuwa mgonjwa, au chakula kimezidi chumvi, na yeye amesimama mlangoni anasubiri bakuli jeupe? Alishtuka. Hakuuliza. Aliogopa angejibiwa.

Waliporudi Kapata, Mignonne alikuwa amefika kutoka Lubumbashi, amekwisha mfokea kila mtu kwenye simu na sasa amechoka kufoka. Alikuwa ameiwasha ile mashine. Alisaga papai na vipande vichache vya ndizi ambayo haijaiva sana, akagawa kwenye vikombe vya kahawa, kimoja kimoja kwa watu wote, na Elise muuguzi alikwisha sema kwamba hicho kinaruhusiwa mara mojamoja, kipimo kikiwa kizuri. Akampa mama yake kikombe cha baba ampelekee.

Domitille alikibeba hadi barazani. Ni kikombe chepesi, lakini alikibeba kwa mikono miwili, na aibu ilimpanda usoni alipokiweka mbele ya mumewe. Godefroid alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Akakunja uso kwa ajili ya meno, akasimamisha kijiko, akamwangalia mkewe kwa muda mrefu.

"Nashiba," alisema, akamrudishia.

Neno hilo hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake. Ule wivu wake wa usichana kule Lubudi ukaamka mzima, na machozi yakaja. Aliyameza. Alipokea kikombe, akavuta kiti, akaketi kando yake, akala kilichobaki kwa kijiko kile kile cha mumewe, kijiko kizima kwa mara ya kwanza tangu mashine iingie nyumbani.

Akaacha kula.

"Tata Mignonne," alisema taratibu, "ilikuwa tamu hivi?"

"Ile yako ilikuwa tamu kupita hii," Godefroid alisema.