Mwaka huu muziki niliofurahia ni sauti ya alto peke yake

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Kuna mwenzetu alifungua uzi humu akitaka kila mtu ataje kitabu, filamu, mchezo na muziki aliofurahia mwaka huu. Nilianza kumjibu kule kule, jibu likawa refu, nikaona nisimjazie ukumbi. Nimefungua wangu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sitayatia chumvi. Na Kiswahili chetu cha Kongo kikichungulia hapa na pale, mnivumilie.

Nianze na vile vyepesi.

Kitabu. Nilinunua riwaya moja ya Kifaransa pale sokoni Birere, zile zinazotandazwa chini juu ya turubai. Inahusu baharia anayerudi kwao uzeeni na kukuta mtaa wake umepewa jina jingine. Nilifika katikati, nikaisahau kwenye boti ya Bukavu. Sikusikitika sana. Mimi ni mtu wa kuacha vitu njiani. Tangu ujana nimekuwa wa Bunagana leo, Butembo kesho, mara nimebeba vitenge, mara maharage, mara mwili wangu tu, mradi nisikae mahali pamoja.

Filamu. Moja ya Kinigeria, ya mama mkwe anayejifanya kiwete ili mkwewe asisafiri. Binti yangu Neema aliipata kwa jirani, tukaiangalia sebuleni. Ilichekesha kweli. Nilicheka, kisha nikageuka kushoto nione kama mwenzangu naye amecheka.

Kushoto palikuwa na kiti tu.

Mpira. Ligi za nje sizifuati tena. Naenda kuangalia vijana wa mtaa kwenye uwanja wetu wa mawe ya volkano, pale ambapo mchezaji akianguka magoti yanamenyeka kama ndizi. Kuna kipa mmoja mnene watu wanamwita Barrière, jina la mpaka wetu, kwa sababu kila mtu anapita. Huyo amenifurahisha mwaka huu kuliko mshambuliaji yeyote wa kwenye televisheni.

Muziki. Hapa ndipo jibu langu lilipoanza kuwa refu.

Mke wangu aliitwa Masika. Mtaani walimwita Mama Neema, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama mimi wanavyoniita Papa Neema. Alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Mapafu.

Tuliimba kwaya moja hapa parokiani. Yeye alto, mimi besi. Mimi nilikuwa mwanakwaya wa kuja na kuondoka, nikirudi safarini naingia mstari wa nyuma. Yeye alikuwa kiongozi wa alto, hakosi.

Kwa wasioimba, ngoja nieleze kidogo. Wimbo wa kwaya una sauti nne. Soprano ndio wanaobeba wimbo wenyewe, ule ambao hata mtoto anaurudia akienda kuchota maji. Tenor na besi ni sisi wanaume. Alto ni wanawake wa sauti ya chini kidogo, na hao hakuna anayewasikia mpaka siku wasipokuwepo.

Sisi hatusomi nota. Maître, yaani mwalimu wa kwaya, anakuimbia kipande chako, unakishika kwa sikio, basi. Kila mtu anajua cha kwake.

Mama yeyote wa alto akikosa mazoezi, Masika alikuwa anarekodi sauti ya alto kwenye simu na kumtumia, ajifunze akisonga ugali. Rekodi moja ilibaki kwenye simu yangu, kwa kuwa yake ilikuwa imeharibika maikrofoni. Ni ya wimbo uliotungwa na mzee mmoja wa kwaya yetu, marehemu sasa. Maneno yake yanaanza hivi: "Bwana, tumekukimbilia, njia imetuchosha."

Wakuu, sijui kama mmewahi kusikia alto peke yake. Ni kama kumsikia mtu akiongea na simu, unapata upande mmoja tu. Anashika nota moja muda mrefu wakati wengine, usiowasikia, wanapanda na kushuka. Kisha ananyamaza, anasubiri zamu yake. Kisha anajibu watu ambao hawapo.

Huo ndio muziki wangu wa mwaka huu.

Kila asubuhi nilikuwa natoka Katindo kwa miguu hadi Kituku, kule ufukweni kwenye soko la samaki. Sikio moja nina Masika, sikio la pili nimeliacha wazi kwa ajili ya pikipiki. Na chini ya sauti yake naimba besi yangu. Yeye alto, mimi besi, soprano na tenor hakuna. Kwa yeyote aliyepita karibu, nilikuwa mtu mzima anayenguruma peke yake barabarani.

Wamama wa samaki, wanaouza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, walinizoea. Mmoja alikuwa ananipigia kelele toka mbali.

"Papa Neema! Ule wimbo yako haina kichwa wala mukia!"

"Kichwa iko kwa simu, mama."

"Basi tuuzie hata kichwa, sambaza ya leo ni kidogo!"

Wanacheka, nacheka, narudi nyumbani. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mahali pamoja, safari zangu zote zilikuwa zimekuwa hiyo moja.

Sasa hapa mjini, kama mnavyojua, vita vilipotufikia mambo yalibadilika. Watu wengi wa kwaya walitawanyika, wengine Kampala, wengine Beni, wengine hatujui. Kwaya ilinyamaza. Ilipoanza kukusanyika tena, maître mpya, kijana anaitwa Innocent, akapanga kwamba katika misa ya mwezi wa marehemu, Novemba, tuimbe wimbo wa yule mzee, kuwakumbuka wote wa kwaya waliotangulia.

Soprano ilikuwepo, parokia nzima inaijua. Tenor alibaki mmoja. Besi nilikuwepo mimi. Alto walikuwa wapya watupu, hakuna hata mmoja wa zamani. Walimpigia mama mmoja wa alto aliyeko Kampala awaimbie kwa simu. Alianza vizuri, mstari wa pili akateleza akaimba soprano, akacheka, akaanza tena, akateleza tena. Kuimba alto bila wenzako ni kama kutembea ukingoni mwa barabara gizani, miguu inarudi katikati yenyewe.

Ndipo mtu akakumbuka rekodi.

Walikuja nyumbani jioni moja, Maître Innocent na Furaha, fundi cherehani wa mtaani ambaye sasa ndiye anaongoza alto. Neema akawawekea chai. Tulizungumza mvua, tukazungumza bei ya makala, yaani mkaa. Mwishowe Furaha akaweka kikombe chini.

"Papa, tunasikia ile sauti ya mama iko kwako."

"Iko."

"Tuko tunaomba utupatie. Alto haina mutu wa kuifundisha."

Nikasema nitafikiri.

Innocent akajaribu mzaha. "Papa, ukifikiri sana, marehemu bataimba benyewe."

Sikucheka. Niliwaambia nyimbo ziko nyingi duniani, wachague mwingine. Wakaondoka kwa adabu, chai ya Furaha ikabaki nusu.

Niwaambie ukweli nilichokuwa naogopa. Ile alto, kwangu, haikuwa alto. Ilikuwa Masika. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anaiimba. Siku watakapoiimba wengine itakuwa sauti ya kwaya, itaingia kwenye koo za wasichana ambao wengine hawakumjua, na mimi nitabaki na simu tu.

Neema alikuwa anakusanya vikombe. Hakuniangalia.

"Papa, mama alirekodi ili batu bajifunze."

"Najua."

"Hakurekodi ju yako."

Akaingia jikoni. Huyo mtoto amechukua ulimi wa mama yake, haupigi kelele lakini unafika.

Jumamosi nilikwenda mazoezini. Sikumtumia mtu rekodi, hilo sikuliweza. Niliweka simu juu ya ngoma, nikafungua sauti yote, nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikiwasikia wakimsikiliza, wakirudia, wakikosea, wakirudia. Mwanzoni Masika alisikika wazi na wao wakimfuata nyuma. Kadiri walivyoshika, ndivyo alivyozama ndani yao, mpaka nikawa simsikii, nawasikia wao tu.

Mazoezi ya sauti zote pamoja tulifanya siku moja. Mvua ikapiga mabati, hakuna aliyemsikia mwenzake. Tukasema Mungu atasaidia.

Misa ikafika. Kanisa lilijaa, kimya, mishumaa mbele. Majina ya marehemu wa kwaya yakasomwa, la Masika likiwemo. Kisha Innocent akainua mikono.

"Bwana..."

Tuliingia vizuri. Besi yangu ilitoka.

"...tumeku..."

Hapo alto wote wakakata. Wakavuta pumzi. Halafu wakaendelea, "...kimbilia."

Wote kwa pamoja, kama kifua kimoja. Soprano walipita na neno lao zima, tenor akapita. Mimi niliacha kuimba.

Pumzi ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia asubuhi nyingi kiasi kwamba sikuisikia tena, kwangu ilikuwa sehemu ya wimbo. Lakini haikuwa ya wimbo. Masika alirekodi akiwa amekaa kitandani na mto mgongoni, na wakati huo mapafu yake hayakuweza tena kubeba neno refu kama hilo bila kupumzika katikati. Wasichana walimsikiliza kwa uaminifu, wakajifunza nota zake, na wakajifunza ugonjwa wake.

Ubeti wa pili, pale pale. Wa tatu, pale pale. Kifua cha mke wangu, katika vifua vya wanawake wazima wenye afya.

Waumini hawakujua kitu. Kwao ilikuwa misa nzuri.

Baada ya misa, nyuma ya kanisa, Innocent alikuwa amewaka.

"Furaha, munakimbilia Bwana ao munapumuzika njiani? Mulikata neno!"

"Maître, njo vile tulifundishwa," Furaha akajibu, naye amekasirika. "Mama anapumua pale. Ubeti yote, anapumua pale pale. Sisi tulizani ni hivyo."

Hapo Innocent akaelewa. Furaha naye akaelewa, akaweka mkono kinywani. Wote wakageuka kuniangalia.

"Papa Neema," Innocent akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Tutaacha vile. Itakuwa namna yetu ya kuuimba."

Wakuu, nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Fikirini tu, miaka yote ijayo, kila wimbo huo unapoimbwa hapa parokiani, wanawake wasiomjua Masika wangevuta pumzi pale alipovuta yeye. Ni nani mwingine amepata kumbukumbu kama hiyo? Kaburi lina nini mbele ya hilo?

Lakini nilimkumbuka mwenyewe alivyokuwa mazoezini. Siku moja alisimamisha kwaya nzima kwa sababu mama mmoja, mkubwa kwake kwa umri, alipumua katikati ya neno. Alimwendea, akamshika bega, akamwambia, "Mama yangu, neno ni mutoto. Mutoto habebwi nusu." Yule mama alinuna wiki nzima, lakini hakurudia.

Angesikia kwaya yake inakata neno kwa ajili yake, asingetusamehe.

"Murekebishe," nikasema.

"Papa..."

"Murekebishe. Mama Neema hangekubali."

Jumamosi iliyofuata walirekebisha. Safari hii sikutoka nje, nilisimama mahali pangu mstari wa nyuma. Furaha aliwaambia wavute pumzi mapema, kabla ya "Bwana", waishike. Mara ya kwanza wawili walikata kwa mazoea. Mara ya pili mmoja. Kisha neno likapita lote, "tumekukimbilia", bila mshono.

Lilikuwa sahihi. Lilikuwa zuri kuliko la kwenye simu yangu. Na Masika hakuwemo tena.

Niliimba besi mpaka mwisho. Sikulia pale. Nililia kwenye barabara ya kurudi, mchana kweupe, watu wa pikipiki wakinipigia honi nisogee.

Rekodi ninayo bado. Siku hizi naisikiliza mara chache, na sasa kila mara naisikia ile pumzi.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu cha mtu uliyempenda ukikifungia, kinabaki jinsi alivyokiacha, na maumivu yake yote ndani. Ukikitoa kinapona, lakini kinaenda zake. Bado sijajua kipi kinauma zaidi, na kwa umri wangu nilidhani mambo kama hayo ningekuwa nimeshayajua.

Kwa hiyo nawauliza ninyi, hasa waliofiwa na waliowahi kuimba. Mngekuwa mimi pale nyuma ya kanisa, mngesema warekebishe au waache? Msinifariji, nijibuni kweli. Neema, ambaye ndiye aliyenisukuma niwape ile sauti, mpaka leo anasema ningewaacha wapumue.