Mgomba wa Juzi

Kwanza nilisikia mgomba unapasuka, sauti ndogo tu, kama mtu kakanyaga tope. Hapo hapo giaboksi ikaulalia mkono wangu wa kulia. Nilikuwa chali chini ya pikapu, na mvua ilipiga bati la gereji hata kelele zangu nikazisikia peke yangu. Vidole vitatu viliishia pale. Viwili vilivyobaki ndivyo vinavyoandika haya, kwa hiyo mwandiko ukipinda mnivumilie.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya zamani, ilibeba majani ya chai tangu mimi sijaota ndevu. Miaka ile ya soko huria, mashamba yalipoanza kuuza magari chakavu, mfanyabiashara mmoja wa Kawetele akainunua, akawa anakusanyia ndizi kule Lupepo. Klachi ikaisha, akaileta gereji kwetu, Msasani ya huku milimani, si ile ya pwani. Kubadilisha klachi lazima giaboksi ishuke, na ile ilikuwa chuma kitupu, wanaume wawili wanainyanyua wakiguna.

Shule niliishia darasa la nne, lakini kushusha giaboksi nilikujua. Unazuia magurudumu kwa mawe. Unachomoa waya wa betri, unamwaga oili, unatoa propela, ile shafti ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma. Unaingiza jeki ya magurudumu chini ya giaboksi na kuifunga kwa mnyororo, ndipo unagusa bolti. Halafu unaivuta nyuma taratibu, imenyooka, wewe ukiwa ubavuni, kamwe si chini yake. Sisi wa huku tunaongeza letu: tunatandika chini yake vipande vya mgomba, kimoja juu ya kingine, ili chuma kikiponyoka kitue palipo laini, kisipasuke. Ila mgomba uwe wa siku hiyo hiyo. Ukilala siku mbili, nje bado ni kijani, ndani umeshakuwa uji.

Nilibakiza bolti mbili za juu. Nje ikapiga honi taksi, gari dogo la Kijapani, yale yaliyokuwa yanaingia kwa wingi wakati ule. Mwenye gereji akaja mbio. Jeki ilikuwa moja tu.

"Bwana mdogo, toa jeki hiyo. Ile taksi ina abiria."

"Bosi, nikitoa, hii itakaa juu ya nini?"

"Mgomba si huo?"

"Huu wa juzi, bosi. Ngoja nikate mwingine hapo nyuma."

"Nyuma kule kuna mkungu wa mama watoto, unakaribia kukomaa. Hugusi!" Akamgeukia mwenye pikapu, aliyekuwa amejikinga mvua pale mlangoni. "Umeona maajabu? Mnyakyusa anaogopa mgomba!"

"Huyo kalelewa kwa wali, si kwa ndizi," mwenye pikapu akasema, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Na mimi nikacheka. Hilo ni langu, silikatai. Nimeliwaza miaka mingi: mtu anayejua kazi yake anaingizwaje chini ya chuma kwa kicheko? Niliogopa kuonekana mwoga, basi.

Mwenye gereji akainama mwenyewe, akafungua mnyororo, akailegeza jeki, akaivuta. Mkia wa giaboksi ukakaa juu ya mgomba, ukatulia. "Unaona? Maliza." Bila jeki lazima mtu aishike kwa chini. Nikaingia. Bolti ya mwisho ilipotoka, uzito wote ukarudi kwenye ule uji.

Nilipotoka hospitali nikakuta habari imeshatembea: nimetoa jeki mwenyewe, fundi mzembe. Gereji zote za hapa mjini zikanifungia mlango. Nikamfuata mwenye pikapu, nikamwambia, tata, baba yangu, wewe ulikuwepo, sema. Akatazama viatu vyake. "Sikuona vizuri. Mvua ilikuwa kubwa."

Mvua ilikuwa nje. Sisi tulikuwa chini ya bati.

Leo mwenye gereji ni mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele. Tukikutana ananipa mkono wa kushoto, kwa huruma, eti asiniumize. Sitaki huruma yake. Nataka Jumapili moja asimame mbele ya hao hao aliowaambia mimi ni mzembe, na mwenye pikapu asimame pembeni yake, wajibu swali moja ambalo halihitaji darasa la nne: jeki ile ilivutwa na mkono wa nani?