Kompyuta ya Mahari Chumbani mwa Mama Mkwe

Kule Matisi, Kitale, Khisa alikuwa amefufua kompyuta ambazo wenyewe walishaziaga. Hii ya leo, aliyoiunda kwa mikono yake, alilazimika kuitibu akiwa nje, kando ya banda la kuku, akiongea na dirisha.

Tatizo lilikuwa kitanda. Mama mkwe wake, Phelista, mjane aliyeishi karibu na Kibabii, Bungoma, alikuwa ameiweka kompyuta chumbani mwake ili wageni wasiitamani. Na hakuna mkwe wa Kibukusu mwenye akili zake atakayekanyaga mahali anapolala mama wa mkewe. Basi mkewe, Lenah, ndiye aliyekuwa macho na mikono yake mle ndani.

Sebuleni, baba mkubwa wa Lenah, Mzee Wekoye, alikuwa anakunywa chai polepole kama hakimu. Wiki iliyopita ukoo ulikubali kompyuta ile ishike nafasi ya ng'ombe wa mwisho wa mahari. Wekoye peke yake alinuna: ng'ombe hazimi. Leo alikuwa ametoa hukumu: birika likiisha kabla kitu hicho hakijakaa sawa, Lenah harudi Kitale.

"Washa," Khisa alinong'ona.

"Imewaka. Imeleta ile picha ya mawingu." Halafu: "Imezima."

Kule Matisi iliwaka siku tatu mfululizo, mezani, matumbo wazi. Alimwambia Lenah abadilishe soketi, akabadilisha. Achomoe printa, akachomoa. Lakini kila ilipowashwa ilikata roho mapema zaidi: asubuhi ilidumu dakika kumi, halafu tano, sasa hata mawingu hayakufika. Khisa alianza kumshuku Gagandeep aliyemuuzia vipuri, kisha stima, kisha, Mungu amsamehe, mwendazake baba mkwe, aliyezikwa hatua ishirini kutoka hapo na ambaye pengine naye alitaka ng'ombe.

Kifuniko cha birika kikalia. Wekoye aliuliza kama kuna chai imebaki. Kikombe kimoja, akajibiwa.

Khisa alisogea karibu na dirisha. "Lenah, shika ile boksi ubavuni. Ni moto?"

"Kiasi. Nimeshika juu ya kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Si ile Mama ameshona. Iko juu ya nailoni yake, ndio isichafuke."

Khisa alifumba macho. Katika nyumba ile viti vilivaa vitambaa, redio ilivaa, thamosi ilivaa. Hata yeye, kochi lake la Matisi halijawahi kuvuliwa nailoni. Angeikuta kompyuta uchi angeona hawamheshimu. Kumbe wameiziba matundu ya pumzi kwa upendo, inazima kwa joto.

Sasa hofu ikazaa hofu nyingine. Phelista alikuwa mlemle ndani, na kitambaa kile alikishona yeye, majina ya Lenah na Khisa kwa uzi mwekundu. Amwambie, Wekoye akisikia, kwamba ndiye anayemnyonga ng'ombe?

"Mwambie Mama," Khisa alisema, "hii kompyuta imezaliwa Kitale. Imezoea baridi. Joto ya Bungoma itaisumbua. Ikae tu bila nguo."

Halafu Phelista mwenyewe akasema, "Kumbe ni ya baridi? Si ungesema mapema, mwanangu."

Kitambaa kikavuliwa, nailoni ikachanika. Phelista aliipepea kompyuta kwa sinia hadi ikapoa, Lenah akaiwasha. Mawingu yakaja, yakakaa. Wekoye alisimama mlangoni, kikombe mkononi, akaikodolea macho dakika kumi na tano nzima.

"Haya," mzee alisema akirudi kitini. "Inapumua."

Lenah alikuwa ameshabeba mkoba wake Khisa aliposikia sauti ya Phelista dirishani, yenye furaha: "Sasa kitambaa nitavalisha hii ingine ya kioo, hii iko na mgongo."

Khisa aliijua ile skrini: matundu yake yote ya pumzi yalikuwa mgongoni. Akafungua mdomo. Sebuleni, Wekoye akaweka kikombe chini kusikiliza.

Khisa akaufunga. "Lenah," alisema, "twende haraka."