Mistari Sita Nisiyoijua kwenye Releve

Mwaka ule binti yetu wa kwanza alikuwa anaingia chuo kikuu Lubumbashi, na chuo kilitaka releve ya benki ya mzazi, yaani taarifa ya akaunti yake, miezi sita nyuma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kamina. Mshahara wangu hupitia benki, nami nilizoea kwenda, kutoa, kuondoka. Karatasi zake sikuwahi kuzisoma.

Siku hiyo nilizisoma, nimesimama kwenye baraza ya benki. Kila mwezi, siku mbili tatu baada ya mshahara, palikuwa na mstari uleule: neno "telefone", nyota kadhaa, na tarakimu nne za mwisho za namba nisiyoijua. Fedha yenyewe haikuwa kubwa, bei ya mikate michache. Lakini mara sita!

Namba yangu haikuwa ile, wala ya mume wangu. Na kodi ya kadi yangu, ile namba ya siri, aliijua yeye peke yake, kwa sababu nilipougua ndiye aliyekuwa ananitolea mshahara. Nilitembea na wazo hilo, na kabla sijafika mlangoni kwetu nilikuwa nimekwisha kumpa mwanamke wa namba ile umri, mtindo wa nywele na mtaa anaoishi.

Mume wangu, mtu wa reli, alikuwa uani anapigilia mguu wa meza. Nikamwekea karatasi mbele.

"Baba, iyi namba iko ya nani?"

Aliiangalia sana. "Minyi siijue."

"Weye njo unajua kodi yangu."

Alielewa nilikokuwa naelekea. Nilingoja akasirike, na angekuwa na haki. Akaweka nyundo chini, akanawa mikono, akavaa shati safi.

"Twende ku banki," akasema. "Tuulize, siye bote babili."

Kwenye gishe, dirisha la kuhudumia wateja, alikuwepo dada mmoja mwenye miwani. Nyuma yetu watu walikuwa wanaguna, lakini hakutuharakisha. Alipitisha ncha ya kalamu mstari kwa mstari, akatazama mashine yake, kisha akaenda kutafuta faili.

"Mama, apa hakuna mwizi. Kila mwezi banki inanunuaka maunite, inatuma ku iyi namba. Njo weye ulisaini."

Sahihi ilikuwa yangu kweli. Hapo nikakumbuka. Nilipopelekwa Lubumbashi kupasuliwa, nilinunua simu ndogo na laini mpya kwa safari ile, na kwa hofu ya kuishiwa salio mbali na watoto, niliomba benki iitie salio, hayo maunite, yenyewe kila mwezi. Nikapona, nikarudia laini yangu ya siku zote, nikasahau kabisa.

"Lakini ile laini minyi sina tena," nikasema.

Yule dada akanisomea namba nzima. "Iandike mu telefone yako, mama."

Niliandika. Nilipobonyeza tarakimu ya mwisho, kioo kikaonyesha neno moja: Mama.

Nilikuwa nimempa mama yangu simu ile, na laini yake ndani. Anakaa Kinkondja, kando ya ziwa, anakausha samaki. Kwangu yeye ni jina kwenye simu. Tarakimu zake sikuwahi kuzitazama.

Nilitoka nje, nikampigia palepale.

"Mama, maunite unatoaka wapi?"

"Aa! Si weye njo unanitumiaka kila mwezi?" Akacheka. "Wafwako, mwana wangu," akanishukuru kwa Kiluba chake.

Akaniambia mambo ambayo hakuwahi kuona haja ya kuniambia. Majirani wote walikuwa wanapigia simu ile. Juzijuzi mke wa jirani alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na mama ndiye aliyempigia mwenye mtumbwi wa mota aje kumpeleka hospitali. Yule mzazi na mtoto wake, wote wazima.

Nilirudi ndani nikipangusa macho. "Tuifunge, mama?" akauliza yule dada wa gishe.

"Hapana. Iache."

Njiani nilimwambia mume wangu, "Baba, unisamehe. Nilikuzania mubaya."

"Kama ningeona minyi, ningekuuliza vilevile," akajibu. Tukanunua karanga za kuchoma, tukala tukitembea. Ninamshukuru Mungu kwa mtu aliyevaa shati safi badala ya kunipigia kelele.

Mama alipopata habari za yule dada, alimpa msafiri aliyekuwa anakwenda Bukama kupanda treni ya Kamina kifurushi cha samaki wakavu. Nilikipeleka benki kimefungwa kwa majani. Dada aliona haya, akasema alifanya kazi yake tu. Kisha akakifungua, akanusa, akaita wenzake wote wa nyuma waje wagawane.